Luther Aliyewalaza Wagonjwa Nyumbani

Jumatatu, 21 Oktoba 1974
Mchungaji Mbonile kanipa hotuba ya Jumapili ya Matengenezo ya Kanisa. Mada: Luther kama mchungaji. Kaonya nisiguse siasa. Miaka yote nimehubiri Luther wa nyundo tu, aliyepigilia hoja zake kwenye mlango wa kanisa. Leo nimesoma mengine — tauni ilipoingia mjini kwake, wengi walikimbia, yeye akabaki. Wagonjwa akawalaza nyumbani mwake, ingawa mkewe alikuwa mjamzito. Sikujua.

Jumatano, 23 Oktoba
Mgambo wamebomoa nyumba ya mama Cornelia. Kosa lake: kuchelewa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa. Mjane wa Kifipa huyu, aliacha Ukatoliki akaja kwetu, ndugu wakamsusa. Kaja na gunia la ulezi, kaomba chumba cha nyuma ya kanisa mpaka ajenge. Mvua zinakaribia. Mchungaji kakataa, kwa upole wake ule. Eti kiwanja kashapewa huko kijijini, na sisi watu wa Mbeya ni wageni hapa Sumbawanga. Tena katibu tarafa, anayesimamia uhamisho huo, ni muumini wetu, benchi la mbele.
Mke wangu Atusaye kasema basi alale kwetu. Nikamjibu nyumba hii ni ya kanisa, Mchungaji atatufukuza. Mama Cornelia akajitwika gunia, akaondoka.

Ijumaa, 25 Oktoba
Wakulima walipoasi, Luther huyohuyo aliwahimiza watawala wawaue. Mchungaji yuleyule! Nikamwonyesha Mbonile. Kasema hapo paruke.
Yeye kachukua Luther wa watawala. Na mimi je? Wa wagonjwa nimemsoma tu.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimeyasema yote, tauni na wakulima. Katibu tarafa kasinzia. Mbonile macho dirishani. Cornelia hakuwapo — yuko misheni. Mapadre wamempa chumba, leo kasali misa. Sasa ndipo Mchungaji kakasirika. Kaniagiza kesho nikamrudishe kondoo wetu.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimemkuta uani misheni, anapepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, akanipa kigoda. Nikasema nilichotumwa. Akapepeta ungo mzima kabla ya kuniuliza:
"Sawa, mwinjilisti, nirudi. Nitalala wapi?"
Nikamrudishia kigoda, nikaaga. Nimerudi nyumbani, nakuta Mbonile sebuleni anangoja habari. Nimejifanya nanawa. Atusaye kamchemshia chai. Ila huku jikoni, pembeni ya mafiga, kumetandikwa mkeka na blanketi letu la pili, na nafasi ya gunia imeachwa.
Mchungaji ananiita.