Unga ya Kulegeza Nyama

Beni, mwezi wa tatu 2001

Yaya Kahongya,

Kopo ulituma toka Dubaï ilifika. Mama anakusalimia. Ku étiquette, karatasi ya kopo, banaandika: unga ya kulegeza nyama, imetoka mu paipai. Ni ile maziba, utomvu mweupe ya paipai yetu, tunachanja kila asubuhi, inakula mama bidole mpaka damu. Banunuzi banataka maziba tu. Matunda yenyewe inaozea chini ya miti, nzi zinajaa mpaka mu nyumba. Batoto bako bazima, mvua ni mingi. Ng'ombe yetu ya mwisho, basoda ba jeshi baliikula siku ile balimupiga papa yetu risasi. Donc, nyama hatuna, kopo hatujaifungua. Siku ingine, yaya, utume na nyama.

Mudogo wako,
Hadassa