Mgeni wa Bi Tatu

Kwa mwanangu Hamadi, uliyeko Chole, Mungu akutunze mchana na usiku. Ni mimi mama yako wa Mlingotini. U hali gani, mwanangu? Mkeo hajambo? Na bibi yako, magoti yanamruhusu kwenda kisimani? Kikohozi chako kimekwisha? Usinijibu kimekwisha kwa kuniridhisha tu, mwache mkeo aseme yeye. Sisi huku tu wazima. Baba yako wa kambo analalamika mgongo, na nduguyo Mwanahawa hajambo sana.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, utaona mistari inavyopanda na kushuka. Chuo cha Kurani nilitolewa mapema, unajua. Lakini mwandishi wa hapa ni mtu wa kina Nassoro, na habari yenyewe ni ya Nassoro, sasa ningemwambia nini? Soma polepole. Pasipokuwa wazi mwulize mwalimu wako, ila mtu mwingine asiione.

Najua umeletewa posa. Wazee wa Nassoro walituaga wakija kwako, kwa kuwa marehemu baba yenu hayupo na wewe ndiwe wa kumwoza nduguyo. Nassoro ni kijana anayepeleka chumvi na samaki wakavu bara, Lugoba hata Ubena, akarudi na sandarusi na mbuzi. Kwa sura hana ila. Anasema hajapata kuoa. Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Mwanamume mzima, anakaa bara miezi kwa miezi, anapikiwa na nani? Na siku hizi njia za bara zina watu wabaya. Tumesikia wasichana waliochukuliwa kwa jina la ndoa, wakaja kuonekana sokoni wakiuzwa. Sisemi Nassoro ni wa namna hiyo. Nasema simjui.

Sasa sikiliza. Juma lililopita Bi Tatu, shangazi yake Nassoro, rafiki yangu tangu nilipofika huku, alitupitia twende kutanda uduvi. Kutanda kwa huku ni kama kwetu, wawili wanashika shuka majini na wengine wanapiga maji kuwasukuma uduvi waingie. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa bahari kuu, meusi tititi, na upepo unakuja kwa vipande. Nikasema turudi. Bi Tatu akasema mvua ndiyo inayowaleta uduvi ndani ya hori, huku bahari inakoingia mikokoni, tukikaa nyumbani watachotwa na wengine. Ni kweli, huwa hivyo. Lakini nikajiuliza, mbona leo ana haraka?

Na hakuja peke yake. Alikuja na mwanamke nisiyemjua, amejitanda kaniki hata puani. "Mgeni wangu wa Lugoba," akasema, basi, jina hakunipa. Huyo mgeni wala hakuangalia maji. Alimwangalia Mwanahawa. Mikono yake, miguu yake, anavyojitwisha tenga, vile mtu anavyomtazama mbuzi kabla ya kumnunua. Nikajisogeza katikati yao.

Jirani yetu Bi Zuhura, ambaye mdomo wake hauna mlango, akaanza kumchokoza. Akamwambia kama unatafuta mke wa mwanao umechelewa, huyu ni wa Nassoro. Mgeni akauliza, Kiswahili chake kina Kikwere ndani, "Huyo bwana yupo hapa?" Bi Zuhura akamwuliza bwana yupi. "Huyo mliyemtaja." Ikawa hivyo kila mara, huyo bwana, yule mwenye safari, jina lenyewe halimtoki. Hamadi, kwetu sisi ni nani asiyemtaja mwanamume kwa jina? Si mkewe? Mimi marehemu baba yako sikupata kumwita jina lake mpaka anazikwa. Moyo ukaniambia, ndiye huyu. Bi Tatu amemleta amwone mke mwenziwe, na mimi rafiki yake nimeshikishwa shuka kama mjinga.

Basi mvua ikashuka yote kwa mara moja, na upepo juu yake, hata aliyeshika pembe ya pili ya shuka humwoni. Uduvi walikuwa wengi kweli, shuka lilikuwa zito. Ule mkondo tuliouvuka maji ya magoti umejaa nyuma yetu, sasa ni wa kifuani. Sisi tunajua kuburuta mguu kwenye tope. Mgeni wa watu akainua mguu kama anayekwenda shamba, akazama. Nikaona kaniki inaelea. Mwanahawa aliachia shuka, kitoweo chote kikaenda, akamrukia. Nikapiga yowe, wala si kwa ajili ya mgeni, kwa ajili ya mwanangu. Tukashikana, huyu amekamata mkoko, yule amekamata huyu, mpaka tukawatoa.

"Haya," akasema Bi Zuhura, "uduvi tumewaacha, tumevua Mkwere." Hata mgeni alicheka, huku anatapika maji.

Tukaingia kibanda cha wachemsha chumvi, kuna moto. Hatujakauka, Nassoro huyo mlangoni na kamba begani. Alisikia tuko majini akatufuata. Ningeshukuru, lakini macho yangu yalikuwa kwa mgeni. Akavuta ile kaniki mbichi akajifunika uso wote, akainuka, akatokea upande wa nyuma, mvuani. Na Nassoro naye akageuka akatupa mgongo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Nikamtazama Bi Tatu. Anachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Nikamfuata mgeni nje. Amesimama chini ya matone ya makuti, anatetemeka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ni mama. Usinifiche. Wewe ni mke wa Nassoro?"

Akajifunua. Hamadi, mtu mzima, rika langu.

"Mkewe nilimzaa mimi," akasema. "Nikamzika mimi."

Kumbe huko kwao mama wa mke hamtaji mume wa mwanawe, wala hawakai chini ya paa moja, na mwana akifa heshima ile haifi naye. Binti yake alifariki katika uzazi, akaacha mtoto wa kike, ndiyo kwanza anatembea. Alisikia mjukuu anatafutiwa mama wa kambo pwani, akateremka kwa miguu aje kuitazama mikono ya Mwanahawa kama ni mikono ya kupiga. Alikuwa akitushuku sisi kuliko nilivyomshuku yeye. Kufa kwa bintiye nilimwamini palepale. Hakuna mama anayemzika mwanawe kwa mdomo.

Nikarudi ndani, nikamwuliza Nassoro mbele ya wote, "Mtoto wako anakula nini?"

Akamtazama shangazi yake kwanza. Hilo sikulipenda. Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Uji, mama. Na maziwa ya mbuzi."

Bi Tatu akaanza kuapa kwamba shauri lilikuwa lake, aliogopa tukisikia mtoto tutakataa. Nikamwambia mtoto hakataliwi, kinachokataliwa ni uongo. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Kwa hiyo mwanangu, usikubali wala usikatae. Mwite Nassoro aje Chole yeye mwenyewe, asije na shangazi, na mtoto aje naye. Umwulize kama hujui lolote. Akikueleza yote, kifo cha mkewe, na mtoto, na kwamba yule bibi hatatengwa na mjukuu wake, na Mwanahawa hatapelekwa bara bila sisi kujua anakolala, basi funga ndoa. Akiruka hata neno moja, mrudishe. Aliyeweza kuficha mtoto anaweza kuficha na mke mwingine.

Nisalimie mama yangu, bibi yako, mwambie magoti ayakande kwa mafuta ya nyonyo. Nisalimie shangazi yako mfuma mikeka, na mwalimu wako wa chuo, na mkeo, na mjukuu wangu umbusu, mwambie bibi wa ng'ambo anatamani kumwona.

Na nduguyo anakusalimu. Yeye tangu kibandani hakuniuliza lolote juu ya Nassoro. Aliuliza kama mtoto ameshaota magego. Sasa anashona kijikanzu cha maua, chenye utepe shingoni, anasema ni cha mwanao. Mwanao ni wa kiume, Hamadi. Mwite huyo kijana upesi, kabla nguo haijaisha.

Ni mimi mama yako anayekuombea,
Mwana Khamisi, Mlingotini