Akiru Alikungoja Alfajiri

Mama,

Ejok. Hapa Lodwar sote wazima. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia sokoni tu ukibishana na wauza unga, kwa sababu kwa Kiturkana siwezi. Nimejaribu. Naandika neno la kwanza, naweka kalamu chini. Kiswahili ni cha shule na cha wateja. Naweza kukaa nacho.

Tulipokuzika kijijini Lopur sikulia. Najua watu walisema. Shangazi aliniangalia pale kaburini kama mtu anayeangalia sufuria inayokataa kuchemka. Sikuwa nimejikaza, Mama. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilirudi Lodwar, nikakaa kwenye cherehani yangu, nikashona sare za shule, nikala nilipoambiwa kula.

Nataka kukupa habari za Akiru, mjukuu wako, maana yeye ndiye aliyenifichulia mambo yako.

Unakumbuka nilivyokuwa nikijisifu. Mtoto wangu wa kwanza, na kila asubuhi anafumbua macho jua limeshatoka, ameshiba, anacheka. Kila aliyekuja kupimwa nguo nilimwambia: wangu ana usingizi wa pono. Mama Vena, jirani yetu yule muuguzi kutoka Kakamega, alinionea wivu waziwazi kwa sababu watoto wake watatu walimtesa. Nawe ulikuwa umekaa papo hapo kwenye ngozi yako ya mbuzi, miguu umeinyoosha, unanisikiliza nikijisifu. Ulitabasamu tu.

Kumbe.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kutoka mazishini, Akiru aliamka kukiwa bado giza. Tulikuwa tumelala uani kama kawaida, si unajua joto la ndani ya mabati, mimi na yeye chini ya neti moja, kwa sababu baba yake, Ekal, alikuwa amesharudi kazini Kakuma. Hakulia. Nilishtuka aliponikanyaga tumboni akipita. Alitambaa mpaka ukingo wa neti, akakaa, akaelekea pale ulipokuwa ukilala wewe. Nilidhani anaota. Akanyoosha mikono yote miwili, akatulia hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa na usingizi wa pono. Alikuwa na wewe. Kila alfajiri aliamka, nawe ukamtoa kwenye neti kabla hajaguna, ukaenda naye nyuma ya jiko kukamua mbuzi wako watatu, ukamnywesha, ukambembeleza, ukamrudisha ubavuni pangu ameshalala tena. Ekal anasema alikuona siku moja alipotoka mapema kuwahi gari la Kakuma, na ukamwambia, "Wacha yeye alale. Mtoto iko na mimi." Mimi sikuamka hata mara moja. Nilidhani nimezaa mtoto mpole.

Nikamchukua. Akanipapasa shingoni, akitafuta shanga zako. Mimi sina shanga. Ndipo akalia, na hakunyamaza mpaka jua likaanza kuchoma.

Ikawa kila siku. Ekal alipokuja mwisho wa wiki akaamshwa naye, akakaa kitandani akikuna kichwa. "Hii mtoto inaamka saa ya mbuzi," akasema, "na mbuzi zimeenda." Kweli walikuwa wamekwenda. Kaka Lokiru aliwachukua baada ya mazishi, akawarudisha Lopur. Nilipotaka kumbakisha hata mmoja, alinicheka: utamkamua na nini, dada, na sindano?

Nilijaribu yangu. Kwanza nilimchelewesha kulala. Nilimchezesha, nikampigia makofi, nikamwimbia mpaka sauti ikanikauka, nikiamini kwamba akichoka sana atauunganisha usingizi mpaka kuche. Aliamka mapema zaidi, tena na hasira. Halafu nikaona labda ni mwanga unaoanza kupenya, nikamhamishia ndani, nikafunika dirisha kwa blanketi. Tuliiva mle ndani kama maharagwe. Tulitoka tumelowa, yeye analia, mimi nimekaa tu kizingitini namtazama mtoto wangu akilia kama ninayemtazama mtoto wa mtu mwingine.

Mchana sikufaa kitu. Nilishona mashati ya shule moja, mzigo mzima, mifuko yote upande wa kulia badala ya kushoto. Mwalimu mkuu aliyashika moja baada ya jingine, akayakunja, akasema hakuna shida. Alijua nimefiwa. Heri angenigombeza.

Ni Mama Vena aliyenikalisha chini. Alikuja na sahani ya samaki, akaniangalia macho, akaanza. "Kwanza mlaze mapema, jioni ile ile akianza kusugua macho. Mtoto akichoka kupita kiasi ndiyo hapati huo usingizi. Alfajiri akiamka, kama si mgonjwa, usimtoe. Hapo hapo, giza, kimya, hakuna taa, hakuna maziwa. Weka mkono tu ajue uko. Sasa hivi anakula uji, anakula samaki, hafi njaa. Lakini ukimtoa kila akiguna, si wewe unamfundisha?" Nikamwambia nitashindwa kumsikiliza akilia. Akacheka, akasema, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Nikamjibu kwamba kulia ndiko kunakonishinda. Hakucheka tena.

Nilimwelewa vizuri, Mama, na sikutaka. Nitakuambia kwa nini, kwa sababu hapa sina mwingine wa kumwambia. Watu wameshaacha kukungoja. Pale ulipokuwa ukilala, Ekal ameweka magunia ya makaa. Mimi mwenyewe napima unga wa watu wawili, na mkono hausiti. Duniani kote alikuwa amebaki Akiru peke yake, anayeamka kila siku na kuamini kwamba utatokea gizani na kumchukua. Nikimfundisha kulala, namfundisha kwamba huji. Ni mama gani wa kumfanyia mtoto kitu kama hicho? Lakini alikuwa amekonda, macho yamezama, na mimi niliogopa kwamba siku moja nitamwangusha.

Basi nikafanya. Nilichukua kitambaa kilichobaki cha sketi za shule, buluu ya giza, nikakishona kwenye neti upande wa mashariki ili mapambazuko yasimfikie. Nikamlaza mapema. Alfajiri akaamka kama saa, akatambaa mpaka ukingoni, akakaa akielekea kwako. Sikumchukua. Nilimrudisha taratibu, nikamlaza, nikamwekea mkono tumboni. Akalia. Tumbo lilikuwa likipanda na kushuka chini ya kiganja changu, dogo, moto, na mimi nikawa kimya kama nilivyoagizwa. Alipochoka kulia akageuza kichwa, akaendelea kuangalia kule. Nami nikajikuta naangalia kule kule. Tukalala hivyo, mimi na mwanangu, tukikuangalia usije.

Siku nyingine alilia kwa muda mrefu, nyingine kidogo. Ekal alinipigia simu kila asubuhi kuuliza, na kila asubuhi nilisema bado. Halafu ikafika siku aliamka, akaguna, akageukia upande wangu badala ya upande wako, akashika kidole changu, akalala. Na nyingine ambayo sikusikia kitu. Nilifumbua macho jua likiwa juu ya ukuta wa jirani na Akiru amelala chali, mdomo wazi, kama mzee aliyetoka shereheni.

Mama Vena alifurahi. Ekal alifurahi, akanunua soda. Mimi nilikunja neti, nikafagia uwanja, nikaenda kwenye cherehani. Sikusikia furaha wala huzuni. Mifuko ilikaa kushoto.

Sasa kuna jambo la Lopur, na hili Ekal hajui lote.

Mvua ilinyesha, mbuzi wakazaa, Lokiru akatuita tuje na mtoto. Tulipitia Kakuma kumchukua Ekal, tukaingia kwenye lile duka la Msomali ulilolipenda, tukanunua sukari na tumbaku ya shangazi. Mwenye duka akaniuliza, "Mama mzee wapi? Ile ya kupigania bei?" Nikamwambia amesafiri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaniongezea majani ya chai, akasema nikupelekee.

Tulilala nje, karibu na zizi. Na alfajiri, kabla hakujapambazuka, nilisikia yote kwa pamoja: mbuzi wakilia, Nakiru, mke wa Lokiru, akiwaita kwa ile sauti ya ulimi uliyokuwa ukiwaitia wewe, maziwa yakigonga ndani ya kibuyu. Nikamgeukia Akiru. Nilikuwa na hakika kwamba sasa ataamka. Kila kitu chako kilikuwa pale, hata mbuzi wako mweusi mwenye sikio lililokatika.

Amelala.

Nikangoja. Nakiru akamaliza mbuzi mmoja, akashika mwingine. Amelala. Nikamgusa shavu. Nikamwita jina, polepole, kisha si polepole. Mama, mimi niliyehangaika mpaka nikashona mifuko upande usio wake ili mtoto huyu alale, nilimshika mabega nikamtikisa. Nikamwinua, nikamgeuza uso kuelekea zizini. Nikamwambia, angalia, Akiru, angalia.

Alifumbua macho. Hakuangalia mbuzi. Hakunyoosha mikono. Aliniangalia mimi, akakunja uso, akalia kilio cha mtoto aliyeamshwa bure.

Nakiru aliacha kukamua. "Mbona unaamsha mtoto?" akaniuliza. "Iko mgonjwa?"

Nikamwambia, "Nilitaka amngoje mama."

Aliweka kibuyu chini akaja kukaa karibu yangu, mikono yake ikinuka maziwa. Akiru akalaza kichwa begani kwangu, akahangaika kidogo kutafuta mahali pazuri, akapapata, akasinzia tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo nikalia. Si sana. Kama bomba letu la Lodwar siku maji yanaporudi, linakohoa kwanza, linatoa upepo, halafu tone. Nakiru alinishika mgongo mpaka mbuzi wakaanza kulalamika, akaenda kuwamalizia.

Tumesharudi nyumbani. Nimekaa kwenye cherehani, Akiru anacheza na vipande vya vitambaa miguuni pangu, amesimama sasa, anashika meza. Hivyo ndivyo hali ilivyo. Siku nyingi bado sisikii kitu.

Pumzika hapo Lopur, Mama. Uliamka sana. Nakuahidi sitamwamsha tena. Nitamlaza mapema, nitamwacha alale mpaka jua limguse, kama mtoto wa mtu yeyote. Akikua nitamwambia alikuwa na Ata, nyanya yake, aliyemchukua kila alfajiri ili mama yake apate kulala, na nitamwambia hata akichoka kunisikiliza. Hana haja ya kukumbuka.

Kukungoja, aniachie mimi.

Mwanao,
Arot