Siku Sista Alipokataa Kuingia Ukumbini

Jumapili mchana, mwezi wa saba. Baridi ya Bashay leo haina utani. Tangu asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba ya vitunguu saumu, na kwenye Misa ya kwanza nusu ya kanisa ilikuwa imejifunika mablanketi. Nimekaa jikoni karibu na moto, simu mkononi, naandika kabla watoto hawajarudi kutoka mafundisho ya dini.

Nina furaha. Naliandika hilo mapema, maana nikianza kueleza nilivyoogopa jana naweza kulisahau.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Roza, fundi cherehani, mke wa mkulima na mama wa watoto wanne. Kwa miaka kadhaa sasa nimo katika familia ya kiroho ya masista wanaofanya utume huku kwetu. Si sista, wala sitakuwa. Sisi walei, waumini wa kawaida, tunaoa na kuolewa, tunalima, tunafuga, ila tunasali pamoja na masista na tunaishi karama yao ya kutembelea nyumba zenye shida. Kila mwaka tunaweka ahadi yetu mbele ya altare. Vikundi vyetu ni vitatu: Mbulu mjini, hapa Bashay, na Basotu kule Hanang.

Aliyetuunganisha wote ni Sista Redempta. Yeye ndiye alianzisha vikundi, ndiye alitufundisha, ndiye alikuwa akitupigia simu mtu asipoonekana. Mwezi uliopita alituambia kwamba amepangiwa utume mpya mkoa mwingine, mbali, na kwamba hakuna sista atakayechukua nafasi yake. Masista wamebaki wachache na wengi wao ni wazee. Mama Mkuu wa shirika lao ametuomba walei tukae wenyewe, tupange familia hii itaendeleaje na itakuaje miaka inayokuja.

Siku niliyosikia habari hiyo nililia hadi nikailowanisha sketi ya shule ya mtoto wa jirani niliyokuwa naishona. Ikabidi niifue kabla ya kumpa mwenyewe.

Basi jana ndiyo tulikutana Basotu kupanga. Kutoka Bashay tulipanda pikapu ya parokia pamoja na Mzee Boay, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye njia nzima alizungumza kana kwamba ana darasa la tano mbele yake. Tulivyozidi kushuka baridi ilipungua, tukavua masweta. Ngano ilikuwa imeshavunwa, mashamba yamebaki manjano hadi macho yanapoishia. Ziwa lilipoonekana, kina mama wakaanza kuimba, na hata Mzee Boay akanyamaza.

Sista alikuwa ameshafika. Tulimwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikia, akamuuliza kila mtu habari za nyumbani kama kawaida yake. Kisha akafunga aproni, akaupita mlango wa ukumbi, akaenda moja kwa moja jikoni.

Tulidhani amekwenda kuangalia chakula. Tukasubiri. Mwisho Mzee Boay akamfuata. Alirudi peke yake, uso umebadilika, akatuambia kwamba Sista haingii. Amesema mkutano ni wetu, chakula tutakula pamoja, na sasa hivi anamenya viazi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kweli anaondoka.

Sitaki kuficha kilichofuata. Tulihangaika kama kuku waliohamishiwa banda jipya. Kwanza tulibishana nani aanze sala, maana siku zote alianza yeye. Baada ya sala Mzee Boay akapendekeza tuanze na sare: kitenge kimoja kwa vikundi vyote. Watu wote wakanigeukia mimi, fundi, na naungama kwamba kwa dakika chache moyo wangu ulikuwa kwenye mishono na si kwenye mambo ya Mungu. Kisha Mama Ansila wa Mbulu mjini, ambaye ana sauti inayofika mbali, akasema mikutano yote ihamie mjini kwa sababu huko kuna ukumbi mzuri na umeme. Watu wa Basotu wakainamisha vichwa. Hawakupinga.

Halafu mtu mmoja akasema kwa nini tusimwombe Mama Mkuu atuletee sista mwingine. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu.

Makofi yalipokuwa yanaisha, mtu akabisha hodi. Alikuwa Gidamis.

Gidamis ni mume wa Elizabeti. Elizabeti ni mwenzetu wa kikundi cha Basotu, mama kijana wa Kibarabaig, jamii ya wafugaji, aliyebatizwa akiwa mtu mzima, na mwaka jana aliweka ahadi yake ya kwanza. Mume wake si Mkristo. Anafuata mila za wazee wake na hana mpango wa kuziacha. Lakini kila siku ya mkutano humleta mke wake kwa pikipiki, kisha hukaa nje na shuka lake na fimbo yake mpaka tumalize. Jana Sista alikuwa amempa kigoda karibu na dirisha la jikoni, lililo ubavuni mwa ukumbi, na kutoka pale alisikia kila tulichosema.

Akaomba ruhusa ya kuongea. Mzee Boay alisita, kwa sababu Gidamis si mwanachama. Elizabeti alikuwa anaangalia sakafu. Mwisho Mzee akamwambia karibu.

Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. Alitueleza habari ya mama yake mzazi, ambayo wengi wetu hatukuijua vizuri. Alipougua, Sista alikuja bomani na wanawake wawili wa kikundi cha Basotu. Walichota maji, walimwosha, walikaa naye. Hawakumuuliza anasali wapi. Walirudi tena na tena hadi yule bibi alipofariki, na baada ya msiba waliendelea kuja. Alisema kiangazi kikikaza huhamisha ng'ombe kwenda mbali, na Elizabeti hubaki na watoto wadogo. Miezi hiyo hawezi kufika kwenye mkutano hapa Basotu, sembuse Mbulu mjini. Sista ndiye amekuwa akimfuata nyumbani.

Kisha akasema maneno ambayo bado nayasikia:

"Mimi sisali kwenu. Lakini mke wangu ni wa kwenu, na nyumbani kwangu mliingia. Sista akiondoka, nani atakuja?"

Nilimwangalia Mzee Boay, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwangalia Mama Ansila, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nikasubiri mtu aseme neno. Nilisubiri kweli, kama mtu anayesubiri mwenye nyumba atoke.

"Nitakuja mimi."

Ilikuwa sauti yangu. Nilishtuka kuliko wote.

Njia ya kwenda kwake siijui. Lugha yao siijui. Sijawahi kuongoza sala nje ya jumuiya yetu ndogo hapa kijijini, na hata hapo natetemeka. Gidamis akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni Roza, fundi cherehani wa Bashay. Akafikiri.

"Karibu, mama," akasema. "Uje kabla ng'ombe hawajaondoka."

Watu wakacheka, si kwa kumdharau, ni kwa kupumua. Elizabeti aliinua uso akanitazama, na ule mtazamo ulinitosha kwa mwaka mzima.

Baada ya hapo mkutano ulikuwa mkutano. Sijui niseme nini kingine. Yale mambo yaliyokuwa yamekwama yalianza kutembea, kwa sababu sasa kila pendekezo tuliliuliza swali la Gidamis: nani atakwenda? Tukaona mikutano haiwezi kukaa mahali pamoja. Itazunguka, leo mjini, mara nyingine Bashay, mara nyingine Basotu. Mama Ansila mwenyewe ndiye aliyesema atawaleta watu wa mjini, na alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutaka ukumbi wenye umeme. Kikundi cha mjini kitawatembelea wagonjwa waliolazwa hospitali ambao ndugu zao wako mbali. Sisi wa Bashay tutashirikiana na Basotu kuzifikia familia za wafugaji. Yaeda Chini, ambako barabara ni mbaya na hatuna mtu, watakwenda wawili kwanza kusalimia na kusikiliza. Tulikubaliana wasiende kuanzisha chochote mpaka wawajue watu.

Jambo la malezi lilichukua muda zaidi, kwa sababu ndilo lililotutia hofu. Nani atawafundisha wapya, kama hayupo sista? Mwisho wakasema nianze mimi, na Elizabeti awe pamoja nami, kwa kuwa yeye anajua lugha zote mbili na nyumba zote. Wiki zilizobaki Sista atatembea na sisi, lakini nyuma yetu. Na kila mwenye kazi aanze sasa hivi kumwandaa mwingine, hasa vijana wanaopata kipaimara halafu wanatupotea. Mzee Boay alikuwa wa kwanza kutaja jina la mtu atakayemwandaa. Tulimpigia makofi, na safari hii tulijua tunachopigia.

Sare imeahirishwa. Moyo wangu wa kifundi uliuma kidogo.

Tulikula ugali, perege wa ziwani, na viazi. Viazi vilikuwa vingi ajabu, sufuria mbili kubwa. Mzee Boay akamweleza Sista mpango wote, na yeye akasikiliza huku anakula, bila kusahihisha kitu. Alipomaliza, Sista akauliza swali moja tu: tukishindwa je? Mzee akajibu kwamba tutaitana tena, tuone tumekosea wapi. Sista akatikisa kichwa kukubali.

Halafu akasema, "Mlipopiga makofi ya kuomba sista mwingine nilisikia. Nilisimama niingie. Nikarudi nikachukua kiazi kingine."

Akaonyesha zile sufuria. "Ndiyo maana mnaona viko vingi hivi."

Tulicheka hadi Mzee Boay akatoa leso. Sista naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuna aliyejifanya hakuona. Mama Ansila alihama kiti, akaenda kukaa karibu naye, wakamaliza kula wamegusana mabega.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mume wangu, Filipo. Aliuliza nani atapika nikiwa Basotu. Nikamwambia mkono wa kupikia anao. Akaenda kufunga mlango, nikadhani amekasirika. Asubuhi ya leo, tukiwa tunakunywa chai, akasema safari ya kwanza atanipeleka yeye kwa pikipiki, kwa sababu anataka kuwaona hao ng'ombe wa Gidamis.

Baada ya Misa Elizabeti alinipigia. Alinifundisha kusalimia kwa lugha yao. Nilirudia, akacheka. Nikarudia tena, nikasikia na watoto wanacheka pembeni yake. Mwishowe akaniambia, "Shikamoo inatosha, dada. Mengine tutakufundisha hapa hapa nyumbani."

Naogopa bado? Ndiyo. Lakini ni woga wa mtu anayekwenda, si ule wa mtu anayeachwa.

Jumamosi ijayo, kabla ng'ombe hawajaondoka, tutakwenda. Sijaandaa mafundisho yoyote. Nitasalimia, nitapokea maziwa nitakayopewa, nitakaa chini nisikilize habari za nyumba ile. Sala itakuja wakati wake, na kama sauti yangu itatetemeka, Elizabeti atakuwa pale kuipokea.