Kompyuta Iliyotii Darajani Ikakataa Nyumbani

Jumamosi, 10 Agosti

Nimefuta vumbi. Nimewasha kompyuta. Nimerekebisha saa yake, ambayo hupotea kila umeme ukikatika. Kabla ya chai nimekamilisha barua mbili: moja ya mtu wa Mtoni anayeomba kurejeshewa maji, nyingine ya kijana anayemwomba radhi mwajiri wake. Ya pili imetoka vizuri. Nimetumia “kwa unyenyekevu usio na kifani”. Sidhani kijana yule ana unyenyekevu wa kiasi hicho, lakini barua inao.

Kisha kikatokea kijidirisha kwenye kioo. Sasisho la programu ya kuandikia liko tayari, je, ninakubali? Limeuliza kwa adabu. Nimekubali.

Limechukua hadi adhuhuri. Niliporudi kutoka msikitini, programu haikufunguka. Badala yake nimesoma haya: “Hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako. Tafadhali jaribu tena baadaye.”

Sielewi. Kompyuta hii ni kongwe, ninakiri. Mpwa wangu aliniachia alipohamia Maskati. Lakini katika miaka yote ya kuandikia watu maombi, haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Hofu yangu ni moja. Ndani ya programu hiyo limo pingamizi la Bi Mwanakheri, mkulima wa mwani wa Kizimkazi. Ofisini kwa sheha, kiongozi wa eneo lake, limebandikwa tangazo kwamba kipande cha ufukwe lilipo banda lake la kuanikia kinaombwa na mwekezaji ajenge hoteli. Mwenye pingamizi alilete ofisi ya ardhi mjini, limepigwa chapa, nakala tatu, kabla ya saa nane mchana siku ya Alkhamisi. Hadi uamuzi utolewe, ameambiwa asianike kitu pale. Mwani wake umo kwenye magunia, unaharibika. Asipowahi Alkhamisi, banda limekwenda.

Nimeshaandika sehemu kubwa. Imebaki mipaka ya upande wa kusini na hitimisho. Yote yanahifadhiwa mtandaoni. Mpwa wangu alipanga hivyo ili maandishi yangu yasipotee.

Jumapili, 11 Agosti

Nimejaribu baadaye.

Ninaifahamu lugha hii. Ofisi ikikuambia urudi baadaye, mtu harudi baada ya dakika tano. Anarudi baada ya muda unaoonyesha heshima. Nimesubiri hadi alasiri. Jibu lile lile. Nimesubiri hadi magharibi. Lile lile, hata nukta haikubadilika.

Nimehakiki jina langu: Haji, herufi kubwa mwanzo. Nimehakiki neno la siri. Hakuna kosa.

Nimeona aibu. Sijui mbele ya nani.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeitia kompyuta kwenye mkoba na kuipeleka sokoni Darajani kwa Fundi Seif, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta nyuma ya wauza vitambaa. Ameitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyechelewa kuja.

“Mzee Haji, hii mashine ingekuwa mtu, ingekuwa na vitukuu.”

Nimemjibu kwamba umri si ugonjwa. Amecheka. Ameeleza kuwa matoleo mapya hutengenezwa kwa ajili ya mashine mpya, na zile kuukuu huelemewa. Ameiondoa programu, ameirudisha upya, amebonyeza hapa na pale kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Mara programu ikafunguka. Pingamizi la Bi Mwanakheri likatokea zima, salama, na aya yangu ya utangulizi ikiwa mahali pake. Nilitaka kumbusu Seif kwenye kipaji cha uso. Nilijizuia.

“Malizia hapa hapa, Mzee, uchapishe uende zako.”

Nimekataa. Hitimisho haliandikwi katikati ya kelele za chaja na nyimbo za simu. Hitimisho ndilo analolikumbuka msomaji.

Nimerudi nyumbani, Kiponda. Nimeiweka mezani, nimeiwasha, nimeiweka sawa kama kawaida yangu, nimefungua programu.

“Hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako.”

Kwa Seif ilinijua. Hapa, mbele ya meza yangu mwenyewe, hainijui.

Jumanne, 13 Agosti

Nimerudi Darajani. Seif ameiwasha, amebonyeza mambo yake, programu imefunguka papo hapo. Ameniangalia. Mimi nimemwangalia.

“Haina tatizo, Mzee.”

Nimemwambia kwamba tatizo lipo ila limebaki nyumbani. Amefikiri kidogo, kisha amesema huenda ni apdeti yenyewe, wacha aiondoe. Akaiondoa. Saa moja baadaye ikajirudisha yenyewe bila kuombwa. Sijapata kuona mgeni wa namna hiyo. Hata hivyo programu imeendelea kufanya kazi mbele ya macho yangu.

Nimeirudisha nyumbani. Imekataa.

Nimebadilisha waya wa umeme. Imekataa. Nimehamia chumba cha pili. Imekataa. Nimeacha kutumia mtandao wa simu yangu, nikaazima simu ya mke wangu. Imekataa.

Mke wangu, Bi Zuwena, alikuwa akichambua mchele akinitazama nikihama na kompyuta kutoka kiti hadi kiti. Amesema labda ifukizwe ubani. Nimemwambia asifanye mzaha. Amesema si mzaha, ubani upo kabatini.

Kisha ametamka neno lililoniuma. “Yule msichana wa duka la kuchapisha pale kona anakuandikia kwa muda wa kunywa chai. Bi Mwanakheri anataka banda, Haji. Hataki dibaji yako.”

Nimemjibu kwamba ombi lisilo na mpangilio ni sawa na mtu kwenda ofisini bila kanzu. Amesema Bi Mwanakheri havai kanzu.

Kwa kweli nilikwenda kona. Nilisimama nje. Nilimwona msichana yule akiandika barua ya mtu huku akizungumza na shoga yake, na barua ikianza na “Naomba” bila salamu, bila kumtaja mpokeaji, bila chochote. Nikageuka. Najua ni kiburi. Nimegeuka hivyo hivyo.

Bi Mwanakheri amepiga simu. Ameuliza kama karatasi ziko tayari. Nimemwambia ziko katika hatua za mwisho za ukamilishaji. Amesema, “Sawa, Bwana Haji. Nnakuja kesho, nilale kwa binti yangu Mwanakwerekwe, keshokutwa asubuhi niko mlangoni kwako.” Anaamini kila ninachomwambia. Nimejisikia vibaya sana.

Jumatano, 14 Agosti

Niandike polepole, maana bado kichwa hakijatulia.

Nimekwenda kwa Seif mara ya tatu. Nimemwambia leo siondoki. Akaifungua, ikatii. Nimechukua kiti, nimekaa mbele yake katikati ya zile kelele, ili niandike hitimisho langu palepale. Nimekubali kushindwa.

Kabla ya kuanza nimetazama pembeni mwa kioo, nikaona saa si sahihi. Nikairekebisha, kama ninavyofanya kila siku. Nilipofungua programu tena, ikakataa. Pale pale Darajani. Mbele ya Seif.

“Mzee Haji, hapo umefanya nini?”

“Nimerekebisha saa. Kila nikikuletea unaiharibu.”

“Mimi naiharibu? Mimi ndiye ninayeitengeneza! Kila ukija naikuta iko nyuma saa sita. Nasema, maskini mzee wa watu, hata saa imemshinda, naiweka sawa nanyamaza, nisimvunjie heshima.”

“Nami nikifika nyumbani naiweka sawa nanyamaza. Nisikuaibishe.”

Mteja mmoja aliyekuja na simu yenye kioo kilichovunjika alicheka hadi akashika meza. “Kumbe mnatengenezeana!”

Kompyuta yangu huonyesha saa nne inapokuwa saa nne asubuhi. Seif anataka ionyeshe kumi. Nimemweleza kwamba adhuhuri ni saa sita na ushei, muadhini analijua hilo na kuku wanalijua hilo, na sikuona sababu ya kompyuta iliyomo Kiponda kuhesabu saa za watu wengine. Miaka yote haikulalamika.

Seif amejibu kuwa zamani programu ilikuwa haiulizi. Toleo jipya, kila likifunguliwa, hupeleka salamu kwa wenyewe huko waliko, na wao hulinganisha saa. Zikitofautiana sana, hukataa. “Inadhani wewe mwizi, Mzee. Mtu anayechezea saa.”

Mwizi. Kwa kusema saa nne ni saa nne.

Nimeuliza programu ya kuandikia inahitaji saa kwa shughuli gani. Barua haijui saa. Seif amesema hata yeye hajui vizuri, ila ndivyo ilivyo. Jibu hilo limenifariji kidogo. Ametia betri ndogo mpya ndani ili saa isipotee tena, ameiweka anavyotaka yeye, na ameniapisha nisiiguse. Nimeapa.

Nyumbani imefunguka. Bi Zuwena amesema ubani ungekuwa rahisi zaidi.

Nimejaribu hitimisho, halijakaa. Nitalimaliza kesho alfajiri, akili ikiwa safi.

Alkhamisi, 15 Agosti

Nimeanza baada ya sala ya alfajiri. Nimefunga mlango wa chumba na dirisha ili nisisikie uchochoro. Bi Mwanakheri alifika mapema, akakaa barazani na mkoba wake miguuni. Amenitajia majina ya majirani wa kusini kupitia upenyo wa mlango, mmoja baada ya mwingine, na kila jina akaliongezea habari isiyohitajika: huyu hapatani na mkewe, huyu alikuwa mwimbaji mzuri wa taarabu. Nimeandika majina tu.

Hitimisho limenisumbua. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Hatimaye limekaa: “kwa kuwa banda hilo ndilo meza ambayo juu yake familia hii hula chakula”. Nimeridhika. Nimenyanyua macho kwenye pembe ya kioo.

8:50.

Saa nane na dakika hamsini. Ofisi imefungwa.

Siwezi kueleza vizuri. Nikafikiri: nimeandika mchana kutwa kwa ajili ya sentensi moja, na mwanamke huyu amekosa banda kwa sababu ya sentensi hiyo. Nikafungua mlango. Nikasema, “Bi Mwanakheri, nisamehe. Tumechelewa. Saa nane imepita.”

Alikuwa akichovya mkate kwenye chai. Ameutazama uchochoro juu, palipo na ufa wa mbingu kati ya nyumba na nyumba. Amenitazama mimi.

“Saa nane ya wapi, Bwana Haji? Mimi kwanza nnakunywa chai.”

Bi Zuwena akatoa kichwa jikoni. “Saa nane? Mbona kitoweo sijakwenda kununua?”

Nimerudi ndani. Nimesimama mbele ya kile kioo. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nane, ondoa sita. Saa mbili na dakika hamsini. Asubuhi. Saa ya Seif.

Bi Mwanakheri amecheka hadi machozi yakamtoka, na Bi Zuwena naye, na wakashikana mikono kama waliopotezana miaka mingi. Mimi sikucheka.

Nimechapisha nakala tatu. Amezitia dole gumba, zote tatu, kwa uangalifu mkubwa. Tumekwenda kwa miguu. Karani alipokea, akapiga muhuri, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akasema, “Hii imeandikwa.” Sikujua kama ni sifa. Nimeitikia “Naam.”

Tulipotoka ilikuwa bado hata saa tano haijafika.

Ijumaa, 23 Agosti

Hakuna habari kutoka ofisini. Programu inafanya kazi. Saa sijaigusa. Bado ninaisoma vibaya. Juzi nimekosa miadi na mtu wa Mtoni. Nimekata karatasi ndogo nikafunika pembe ile ya kioo.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimekwenda Kizimkazi. Bi Mwanakheri alipokea barua ya uamuzi, binti yake akamsomea mara mbili, wote wawili hawakuelewa. Akaniomba nikaisome mimi.

Alinikaribisha bandani. Ni dogo kuliko nilivyomwelewa aliponieleza. Nguzo za mikoko, makuti, vichanja vitupu. Magunia yamepangwa ukutani. Nimesoma kwa sauti. Ni barua nzuri, niseme kweli. Inaanza kwa kurejea pingamizi lililowasilishwa ndani ya muda, inakwenda kwenye ziara ya wapimaji, inataja vigingi vilivyosogezwa upande wa mashariki, na inahitimisha kwamba eneo la mlalamikaji halimo tena katika eneo linaloombwa. Sentensi ya mwisho ina mizani. Nimeirudia.

Bi Mwanakheri alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya gunia.

“Bwana Haji. Sasa nianike, nisianike?”

Nilitaka kumweleza kwamba kwa mujibu wa aya ya tatu ikisomwa pamoja na aya ya tano, hakuna kizuizi chochote kinachoendelea. Nimemtazama.

“Anika.”

Amelikata kamba gunia la kwanza. Nusu ya mwani ilikuwa imekwisha kuharibika, na harufu ilikuwa kali. Tumeuchambua, mbovu upande mmoja, mzuri kichanjani. Nimekunja mikono ya kanzu. Hatukuacha mpaka gunia la kwanza likaisha.