Peoni ya Babu Yako

Kijiji cha Duanlou,
Heze, Shandong.
12 Aprili 1987

Mpendwa mjukuu wangu Qiaoyun,

Umekula? Baridi ya Harbin imelegea, au bado mnatembea mmefungwa kama mabunda ya pamba? Mtoto anakohoa bado? Mimi kifua kizima, miguu inakubali. Macho ndiyo yamekataa. Anayeniandikia ni jirani yetu Bi Pang, na nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambie.

Ile peoni ya babu yako haitachanua. Nimeiua mimi.

Vuli iliyopita nilikuwa napogoa. Peoni laini unajua tunazikata mpaka usawa wa udongo. Ya babu yako ni ya mti, haiguswi ila vijiti vilivyokauka. Ilikuwa mwisho wa mstari. Sikuona mstari unaishia wapi, nikaikata nayo. Nilijua niliposikia mkasi umekwama kwenye ukuni. Tayari nilikuwa nimekata matawi yote, chini kabisa ya pale alipoibebesha, alipounga kijiti chake juu ya mzizi wa peoni laini.

Sikukuambia. Nilingoja majira haya. Sasa mzizi umechipua, nimepapasa kila chipukizi kwa vidole. Yote ni peoni laini, ule mzizi wa chini tu. Machipukizi yale yale babu yako aliyokuwa akipiga magoti kuyang'oa kila mwaka, ndiyo yaliyobaki.

Bi Pang ameacha kuandika. Anasema, "Shangazi, ngoja kidogo, huenda likatoka moja la mti."

Nimemwambia, "Wewe andika. Bustani niachie mimi kipofu."

Halitatoka. Aliiotesha kwa mbegu, akaiona ikichanua mara moja, akafa. Hakuna nyingine kama hiyo kwa mtu yeyote.

Najua umeomba likizo uje umwonyeshe mwanao ua la babu yako. Kama safari ilikuwa ya ua, rudisha tiketi, usimchoshe mtoto kwenye treni. Kama ni yangu mimi, njoo mwezi huu huu. Bado naona kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Mwakani mwanao nitamjua kwa kumpapasa tu, kama nilivyopapasa ule mzizi.

Msalimie mumeo Guangli, na umbusu Doudou utosini. Mle mshibe, mlale pamoja salama.

Ni mimi nikupendaye, mkasi nimeshautupa,

Bibi yako.