Kiti cha Bibi Mstari wa Mbele

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Bibi mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma zaidi. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utajionea. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ningezungukazunguka halafu nikasingizia chaji. Unanijua.

Masomo yanaendelea. Mwambie Mjomba bado sijui nani atanilipa kwa kusoma hadithi za Kiingereza na habari za wafalme waliokwisha kufa, kama anavyopenda kuniuliza mbele ya wageni. Asubuhi tuko na mwalimu wa fasihi, mama mwenye kicheko, anayetutaka tumtie mhusika damu mpaka apumue. Mchana tunavuka korido kwenda kwa mwalimu wa historia. Huyo tumembandika jina la Ushahidi, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza umejuaje. Nilijiona mjanja kweli, kusoma huku na huku.

Ujumbe wako wa juzi niliupata. Unasema tangu umsomee Bibi mwaliko wa sherehe ya chuo hazungumzi, na fundi alipokuja kumpima gauni jipya alimfukuza. Wewe umeshawatangazia majirani kwamba Jumamosi Bibi atakaa mstari wa mbele na wanawake waliogoma kiwanda cha sare. Ukaniomba nimbembeleze, huenda mimi atanisikia. Jamani Mama, mimi ndiye wa mwisho wa kumbembeleza.

Likizo iliyopita Ushahidi alituagiza tuandike tukio la kazini kama alivyoliona mzee wa nyumbani. Nikamwuliza Bibi habari za ule mgomo. Alikuwa anashona vifungo vya shati la Mjomba, wala hakuacha kushona. Aliniambia wenzake waliketi chini getini, wakaapa hakuna atakayeingia, na yeye aliapa pamoja nao. Siku chache baadaye akapita mlango wa nyuma, kule wanakotupa vipande vya vitambaa, akakaa kwenye mashine yake. Jioni walimwona akitoka. Hawakumtukana, walimpa mgongo tu. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa akimsuka nywele kila Jumapili, hakumsuka tena.

Sababu ilikuwa wewe, Mama. Ulikuwa mchanga, kichomi kimekubana, na zahanati ya kiwanda ilitibu watoto wa waliokuwa kazini tu. Hakukwambia kwa sababu hakutaka ukue ukijilaumu.

Basi nikarudi chuoni na habari hiyo, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaona haya. Wenzangu walikuwa na mababu waliofungwa jela kwa ajili ya watu. Mimi niwe na bibi wa mlango wa nyuma? Nikamkalisha getini. Nikampa maneno makali ya kumjibu msimamizi, nikamchania hata gauni begani ili apendeze. Mwalimu wa fasihi angenipa maksi zote. Lakini kazi ilikuwa ya Ushahidi, na Ushahidi, kwa mara ya kwanza, hakuuliza nimejuaje. Aliwasomea darasa zima. Nami nikakaa pale nikipigiwa makofi, na chuo kikaandaa sherehe hii ya Jumamosi kuwaenzi wanawake wa getini, Bibi akiwemo.

Jana aliniita ofisini. Kumbe kazi yangu walikuwa wamewapelekea wale wanawake wa getini walio hai, na mmoja wao ameirudisha. Nilimwambia Ushahidi yote palepale. Laiti ningekwenda mwenyewe kabla ya kuitwa! Alivua miwani, akasema kazi hiyo ni sifuri, na kama nitabaki chuoni wataamua wakubwa wake. Usimpigie mtu magoti kwa ajili yangu, Mama. Nimestahili.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Bibi alipomaliza kunisimulia, alikata uzi kwa meno akasema niandike hivyo hivyo, nisimpambe, maana amechoka kulibeba peke yake. Nikamwahidi. Alinichagua mimi kwa sababu tangu utotoni kila nililosikia ndani nililisema nje neno kwa neno, ndiyo maana akaniita Kasuku.

Msalimie Mjomba na wote wa hapo nyumbani. Hapa panapofuata, Mama, msomee Bibi kwa sauti, usiruke kitu.

Bibi, najua hukumfukuza fundi kwa sababu ya gauni. Ulisikia ule mwaliko ukikutaja pamoja na waliokaa getini, ukaelewa kwamba mjukuu wako alikuonea haya. Ni kweli, nilikuonea haya, na leo najionea haya mimi. Sikuombi unisamehe upesi. Ila aliyeirudisha ile kazi ni yule rafiki yako wa kukusuka. Amewaambia aliyeandika ni mwongo, kwamba wewe hukukaa getini hata wiki moja. Halafu akawaambia kiti chako wasikiondoe, kiwe karibu na chake, na uje hivyo hivyo.

Wako mjukuu,
ambaye bado sijastahili kuitwa tena Kasuku